Mlango Nusu

Tangu alfajiri Hadija alikuwa na kichefuchefu, na hakuwa amekula kitu kibaya. Kilichomchefua ni fulana.

Zilikuwa za njano, kifuani zimeandikwa MILA ZETU FAHARI YETU, na mgongoni jina la duka la Zabron pamoja na namba yake ya simu. Kamati ya tamasha ilikuwa imezigawa bure, na cha bure nani anakikataa. Hata Mzee Paskali, katekista wa kigango, mtu anayeheshimiwa na Wakristo na Waislamu sawasawa, alikuwa ameivaa ya kwake juu ya sweta. Hadija alimwamkia shikamoo kutoka mlangoni pa duka lake, kwa kuwa adabu ni adabu, na mzee akaitikia marahaba huku akiivuta fulana ishuke ifunike tumbo. Alipogeuka kwenda zake, namba ya simu ya Zabron ikaenda naye mgongoni. Hadija akatema mate nje ya kizingiti.

Kwemkuyu si kijiji tena, na mji nao bado haujakubali kukiita mtaa wake. Ukipanda bodaboda kutoka Lushoto mjini unafika kabla mazungumzo na dereva hayajanoga. Nusu ya watu wanashinda mjini kwenye ofisi na karakana, nusu wamebaki na kabichi na karoti zao kwenye matuta ya mlimani, na jioni wote wanakutana madukani kununua mkate na kuulizana habari. Siku za katikati ya Krismasi na mwaka mpya kijiji hufurika. Waliohamia Dar na Tanga hurudi na magari yao, na watoto wasiojua hata kumwambia bibi yao "onga makeo" wanapoamka, na simu za kupigia picha kila kitu mpaka kuku. Ndio msimu wa matunda damu pia, zile plamu nyekundu za milimani. Mwaka huu miti ilikuwa imezaa kupita kiasi, matunda yakaanguka, yakakanyagwa na magari, na barabara nzima ilinuka uchachu na kuvuma nzi.

Katika umati huo Zabron aliona biashara. Yeye ndiye mwenye duka jipya pale chini uwanjani, lenye mlango wa kioo wa kusukuma pembeni na friji linalowaka taa mchana kweupe. Alijitwalia uenyekiti wa kamati, akaliita tamasha Siku ya Utamaduni, akamwalika mgeni rasmi: tajiri mmoja mzaliwa wa Mgwashi anayeishi Dar, ambaye ilisemekana akipendezwa atajenga kambi ya wageni kule juu msituni. Kristian, katibu wa kamati, alikuwa ameshaahidiwa kuisimamia kambi hiyo, nayo haijachimbiwa hata msingi.

Hadija hakuwa adui wa ngoma. Ujanani aliimba mpaka watu wa Vuga wakamjua. Kilichomkera ni walivyoifanya. Mdumange, ngoma ambayo wazee waliicheza mpaka miguu ikakataa, ilikatwa ikawa fupi kama tangazo la redio. Bada, yaani ugali wao, uliwekwa kwenye visahani vidogo vya kuonja, na mtu angeweza kufa njaa katikati ya utamaduni wake. Dengelua, pombe ya miwa, ilitiwa kwenye chupa zilizobandikwa jina la duka la nani? La Zabron. Kulikuwa na harusi ya maigizo pia, na bibi harusi alitafuna bablishi tangu mwanzo wa mazoezi hadi mwisho.

"Wameuchinja utamaduni, sasa wanautembeza nyama mkononi," Hadija aliwaambia wateja wake wiki nzima. Wateja walicheka, wakalipia mkate, wakaenda kuchukua fulana.

Hata hivyo alikubali kuimba wimbo wa kufungulia. Alikubali kwa ajili ya mtu mmoja tu, Scholastica, mama yake Kristian, ambaye nyumba yake inatazamana na uwanja.

Yeye na Schola waliitana mbuya, ndiyo rafiki kwa Kishambaa, tangu walipokuwa wasichana wakikaa bega kwa bega barabarani, huyu na beseni la mapeasi, yule na beseni la matunda damu. Mmoja Mkatoliki, mmoja Mwislamu, na katika umri wote huo ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya nani aliyeanza kumwita mteja. Tangu masika Schola alikuwa hatoki kitandani. Miguu ilikuwa imevimba na pumzi imekuwa fupi. Aliposikia habari za tamasha alimwambia Hadija asikatae kuimba. "Dirisha langu liko pale pale," alisema. "Geukia kwangu, uimbe kwa nguvu. Nitakuwa nimeketi uwanjani kama wengine."

Kulikuwa na jambo jingine kati yao, na hili ndilo kubwa. Kwemkuyu ina desturi yake ambayo haikuandikwa kwenye fulana ya mtu. Mtu akifariki, hakuna anayeshika jembe wala kupiga ngoma mpaka azikwe, na maduka yote hufunga mlango nusu. Milango ya maduka ya zamani ni ya mbao, ya mikono miwili. Mkono mmoja unafungwa, mmoja unabaki wazi, kwa sababu waliofiwa hawawezi kukosa cha kuwapikia watu. Kwenye mlango nusu zinatoka bidhaa nne tu: chumvi, sukari, kiberiti na sabuni. Ukitaka soda au biskuti, subiri tuzike. Aliyefiwa anapokuja, muuza duka humuuliza maswali mawili, nani na lini, naye anajibu kwa sauti ili waliokaa nje wasikie, kisha anachukua anachohitaji bila kulipa. Na pale hapadanganywi. Watu wa Kwemkuyu hudanganyana sana, kwenye mizani na kwenye mapenzi, lakini kwenye mlango nusu hajapata kutokea mtu akadanganya.

Mumewe Hadija, Jafari, alipofariki, ni Schola aliyekuja kumfungia duka mlango nusu. Aliketi pale akiwa na rozari yake mfukoni mpaka marehemu akazikwa, akimwachia Hadija nafasi ya kulia bila kufikiria sukari. Baada ya arobaini Hadija alimwambia kwamba hana la kumlipa. Schola akamjibu kwamba analo. "Nikitangulia mimi, wewe ndiye utakayenifungia mlango. Usiwaachie hawa watoto." Walicheka wakati ule, maana wote wawili walikuwa na afya.

Basi usiku wa kuamkia tamasha, baada ya swala ya isha, Hadija alimpelekea mgonjwa uji kwenye bakuli la bluu, kama kawaida yake. Jenoveva, mke wa Kristian, alimpokea mlangoni na hakumkaribisha ndani. Alisema mama amelala vizuri leo, wasimwamshe, naye uji atampa akiamka. Asubuhi akalirudisha bakuli dukani limeoshwa.

"Amekunywa wote," Jenoveva alisema, na Hadija akafurahi.

Aliimba akiwa na furaha hiyo. Aliupa mgongo meza ya mgeni rasmi, jambo lililomuudhi Zabron, akaligeukia dirisha la Schola lililofungwa pazia, akaimba kama alivyokuwa hajaimba miaka mingi. Sauti ilimtoka yenyewe, ile ya zamani, na wazee waliokuwa wakinong'ona wakanyamaza. Alipomaliza watu walipiga vigelegele. Mgeni rasmi alimwita wakapiga picha, akamwekea mkono begani, na mkono huo ulinuka manukato mazito kiasi kwamba Hadija alirudi dukani akijipangusa kwa khanga. Lakini moyo wake ulikuwa mweupe. Mbuya amesikia, aliwaza, na akaanza kutoa kreti za soda nje.

Mchana ulipochangamka, muziki ukakatika. Umeme wa spika ulikuwa ukivutwa kwa waya mrefu kutoka nyumbani kwa Schola, na yuniti zilikuwa zimekwisha. Vijana wakapiga miluzi. Kristian alikuwa jikoni akisimamia pilau, na Zabron hakuweza kumwacha mgeni rasmi, kwa hiyo akatuma mtu mbio kwa Hadija, ambaye hununulia watu umeme kwa simu yake. Hadija akaununua. Akasema namba atakwenda kuiingiza mwenyewe, maana wale wangebonyeza vibaya, na tena apate kumjulia hali mbuya wake.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa waya. Jenoveva, aliyekuwa ameketi kizingitini asubuhi yote, sasa alikuwa ameitwa kumpakulia mgeni rasmi. Hadija akazunguka nyuma, akapita jikoni. Jiko lilikuwa baridi, hata jivu la jana halijazolewa. Kile kifaa cha kuingizia namba kilikuwa ukutani ukumbini. Akabonyeza polepole, tarakimu baada ya tarakimu, mpaka kikalia, na hapo hapo muziki ukarudi nje kwa kishindo, wimbo wa Dar wenye matusi nusu, na vyombo kabatini vikatetemeka. Akauona waya mweusi umelala sakafuni, unapita chini ya mlango wa chumba cha Schola.

Akakunja uso. Yaani kwa mgonjwa ndipo walipoona pa kuchomeka. Akasukuma mlango ili amsalimie, na amwombe radhi kwa kelele hizo.

Schola alikuwa amelala chali, amenyooshwa, amefunikwa shuka jipya lenye mikunjo ya dukani. Hadija aliinua ncha ya shuka. Puani palikuwa na pamba. Taya lilikuwa limefungwa kwa kitambaa, na kitambaa chenyewe kilikuwa cha njano. Alikitazama kwa muda kabla ya kuelewa. Ilikuwa ni fulana iliyochanwa, herufi za MILA zikiwa zimepinda chini ya sikio la marehemu. Pembeni ya kichwa chake, kwenye soketi, waya wa spika ulikuwa umechomekwa, na kila ngoma ilipodunda nje kitanda kilitikisika na kichwa cha Schola kikatikisika nacho kidogo, kama mtu anayekubaliana na jambo.

Hadija aliung'oa waya. Nje pakawa kimya, kisha miluzi. Alikuwa ameshaosha maiti wengi, maiti hawakumtisha. Kilichompanda kooni ni kinyaa, kinyaa kitupu, na kikubwa zaidi ni kuwa muziki ule uliomtikisa marehemu ulikuwa umerudishwa na vidole vyake mwenyewe sasa hivi.

Akaushika mkono wa Schola. Ulikuwa wa baridi na mgumu, lakini kule milimani hata mikono ya wazima huwa baridi.

Jenoveva aliingia kwanza, Zabron nyuma yake. Wote wawili walikuja kwa ajili ya waya. Walipomwona Hadija na shuka lililoinuliwa walisimama, na Zabron akaurudisha mlango nyuma yake taratibu, ndipo akaanza kueleza. Alieleza vizuri, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuza friji. Msiba wangeutangaza, nani alisema hawatautangaza? Saa kumi na moja mgeni rasmi akishaondoka, kengele ingepigwa, na kamati ingegharamia jeneza zuri. Wageni wametoka mbali, vyakula vimeshapikwa, vijana wamefanya mazoezi miezi. Marehemu hana haraka tena. Ni kuahirisha tu, na hata familia imeridhia.

"Shuka mlinunua wapi?" Hadija aliuliza.

Ingekuwa kwake angejua. Muuza duka hahitaji kuambiwa, mtu akija kununua shuka jeupe na pamba kwa pamoja. Ndiyo maana walinunua chini, kwenye mlango wa kioo.

Zabron alijaribu njia nyingine. "Bi Hadija, tusemezane kama wafanyabiashara. Nawe una makreti ya soda pale nje, na umechukua mikate mingi. Tukifunga sasa, tunalala nayo wote."

Na hapa ndipo Hadija alipojichukia, kwa sababu makreti yalimpitia akilini. Yalipita haraka, lakini yalipita, na Zabron aliyaona yakipita, akatabasamu. Tabasamu lile alilihisi mwilini kama konokono ametambaa shingoni. Alimwona mtu huyu jinsi alivyo, na akaona pia kwamba alichonacho Zabron si kigeni, kila mwenye duka anacho kidogo, tofauti ni nani anakilisha.

Jenoveva alianza kulia. Hadija hakujua kama yalikuwa machozi ya huzuni au ya woga. "Mama, usituhukumu," alisema. "Amefariki leo, wewe ulipokuwa unaimba. Alikusikia. Alitabasamu, akasema huyo ni mbuya, ndipo akakata roho."

Maneno hayo yalimwingia Hadija kama uji wa moto kwa mtu mwenye baridi. Alitaka yawe kweli. Akayachukua, akayaficha moyoni, na kwa sababu hiyo hakumzaba kofi yule mke wa mtu. Alimfunika Schola uso, akamwambia pole kwa Kishambaa, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuwaaga.

Alipita katikati ya uwanja. Watu walimtania kuwa ameshindwa kuingiza umeme, uzee umemfika vidoleni. Harufu ya nyama choma na mafuta ya pilau ilimfuata, na matunda damu yakafyatuka chini ya kandambili zake. Angeweza kuchukua kipaza sauti. Lakini kipaza sauti kilikuwa cha Zabron, na hakutaka jina la Schola lipite mle.

Alifika dukani, akarudisha makreti ya soda ndani moja baada ya jingine. Akafunga mkono mmoja wa mlango. Akatandika mkeka barazani, akajifunga khanga kichwani, akaketi.

Yunis, muuza mitumba wa ng'ambo ya barabara, alikuja kutaka soda baridi. Alikuwa na joto na kicheko cha ngomani mdomoni.

"Sina soda," Hadija alisema. "Nina chumvi, sukari, kiberiti na sabuni."

Kicheko kilimwisha Yunis hatua kwa hatua. Alitazama mlango, akatazama mkeka.

"Nani?"

"Schola."

Yunis hakuuliza zaidi. Alivuka barabara, akafunika mitumba yake kwa turubai, akafunga mkono mmoja wa mlango wake, akarudi kukaa mkekani. Kutoka bucha la jirani Mbaraka aliona milango miwili. Akatundua nyama, akanawa mikono, akafunga wa kwake. Habari haikupigiwa mbiu. Ilishuka barabara ile mlango kwa mlango, kwa fundi cherehani, kwa muuza mbegu, kwa kinyozi, na kila palipofungwa mkono mmoja watu walisimama kidogo, wakauliza nani, wakaanza kupanda juu.

Kule chini walikuwa wamepata jenereta. Zabron akashika kipaza sauti, na sauti yake ikafika mpaka dukani. Alitangaza kwamba kamati imepokea sasa hivi taarifa za kusikitisha, kwamba mama yetu mpendwa ametutoka, na kwa heshima yake wasimame kimya dakika moja. Hata dakika yenyewe haikuisha. Akashukuru, akasema kama marehemu mwenyewe angependa, ratiba inaendelea, na muziki ukaanza tena.

Hadija aliinama, akaziba mdomo kwa khanga. Yunis alidhani analia. Alikuwa anazuia kutapika.

Lakini waliobaki kucheza walikuwa wageni. Wenyeji walipanda. Wachezaji wa mdumange walikuja wakiwa wameshika njuga mikononi zisilie. Bibi harusi wa maigizo alikuja ametema bablishi. Mzee Paskali alipita kwenda kigangoni kupiga kengele, na aliporudi, fulana yake ilikuwa imegeuzwa, mshono nje, maandishi ndani, maana baridi ya jioni ilikuwa imeanza na hakuwa na nguo nyingine ya kuongezea. Wengine walipomwona wakageuza za kwao. Baraza lilijaa, wakakaa mpaka barabarani, na ukungu ulianza kushuka kutoka msituni kama kila siku.

Hapo Hadija akatulia kidogo. Ahadi ilikuwa imetimia, kwa kuchelewa na kwa aibu, lakini imetimia. Na mbuya alikuwa amemsikia akiimba. Hilo hakuna wa kumpora.

Kristian alikuja giza likiingia. Wanawake walikuwa wameshajaa nyumbani kwake na hakukuwa na sukari. Zabron asingeweza kumsaidia. Mlango wa kioo unajua kufunguka na kufungika tu, haujui nusu. Alipita katikati ya watu bila kuinua uso, harufu ya pilau ikiwa bado nguoni, na watu wakampisha bila kumpa pole. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto, lakini alisimama mbele ya mlango ule akiwa mdogo kuliko wanawe.

Hadija alikuwa ameingia ndani na kusimama nyuma ya mkono uliofungwa, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo mama," Kristian alisema.

"Marahaba. Nani?"

"Mama yangu. Scholastica."

"Lini?"

Barazani watu waliacha hata kukohoa. Nyuma yao, chini uwanjani, jenereta lilikuwa bado linakoroma. Hadija aliona jinsi jibu lingine lilivyofika ulimini mwa Kristian, lile walilopatana nyumbani, na jinsi alivyoutazama mlango, ubao wa kushoto uliokwanguka rangi ambao mama yake aliuegemea alipomlinda Hadija siku za Jafari. Kristian naye alikuwepo siku zile. Ndiye aliyemletea mama yake chai.

"Jana," alisema. "Jana jioni, baada ya magharibi."

Mtu mmoja nje alivuta pumzi. Mzee Paskali alisema, "Ee Mungu wangu," kwa sauti ya kuchoka. Kila mmoja alikuwa anapima siku yake mwenyewe: alichocheza, alichokula, alipokuwa amesimama.

Hadija alikuwa na vyake viwili vya kupima. Jana baada ya magharibi. Alipeleka uji baada ya isha. Aligeuka akalitazama bakuli la bluu kwenye rafu, safi, linang'aa, lililorudishwa na mtu aliyemtazama usoni akasema amekunywa wote. Na asubuhi, mbele ya kijiji kizima, alikuwa ameipeleka sauti yake nzuri kuliko zote kwenye dirisha ambalo nyuma yake palikuwa na pamba, shuka, na waya wa spika.

Akapima sukari. Akaongeza viberiti, sabuni, na chumvi, akavifunga, akavisukuma kupitia nafasi ya mlango. Kristian alivipokea, akataka kuushika mkono wake. Mkono wa Hadija ulirudi nyuma wenyewe.

"Nenda ukawapikie watu chai," alimwambia.

Alipoondoka, Hadija alilichukua bakuli kwa ncha za vidole, akalitupa kwenye ndoo ya takataka. Kisha akachota maji kwenye kata, akasukutua kinywa alichoimbia, akatema nje ya kizingiti, akachota tena.